Mke Mwenza wa Volti Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimegombana na lori tangu asubuhi, na lori limeshinda.

Baba mkwe alilinunua kwenye mnada wa jeshi wakati wa kiangazi. Yeye mwenyewe aliendesha malori ya aina hii mpaka alipostaafu, na tangu astaafu amekuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta. Lori lilipoingia uani alinyoa ndevu siku ileile. Sasa anaimba akichemsha chai. Mimi ndiye fundi umeme wa magari katika familia hii, karakana yangu iko hapo mbele ya ua, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama naitaka kazi. "Mkwe, mgonjwa wako yuko nje," ndivyo nilivyoambiwa.

Mgonjwa ana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti ishirini na nne, na nyaya nene kushinda kidole changu. Leo taa za mbele ziligoma. Nikapima betri, nikafuata waya mmoja mmoja, nikalala chini ya gari, nikatoka na vumbi mpaka masikioni. Baba akaja na kikombe chake, akapanda, akainua kishikio kidogo kando ya swichi, kisha akazungusha kile kikubwa. Taa zikawaka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Hicho kidogo ni kufuli," akasema. "Jeshini taa haiwashwi kwa bahati mbaya. Ukiwasha pasipotakiwa, adui anakuona."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Hukuniuliza. Halafu ulikuwa unatukana vizuri sana, nikaona nisikukatize."

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala. Kazi hakuna, tumekula maharage na kucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Lazima niandike kuhusu mama mkwe, maana bila yeye habari hii haieleweki.

Mama halipendi lori. Analiita mke mwenzake. Kila asubuhi anatoka na beseni lake na kumuuliza Baba, "Mke mwenzangu ameamkaje? Amekula mafuta?" Tena anasema bila kucheka. Lori limekaa palepale zilipokuwa nguzo zake za kuanikia nguo. Mbili ziling'olewa ili lipite, ikabaki moja kule ukutani. Sasa Mama ana waya mmoja mrefu wa chuma. Anaufunga kwenye pete iliyo nyuma ya lori, anauzungusha kwenye nguzo ya ukutani, anaurudisha mpaka kwenye ndoano ya bampa la mbele na kuuvuta ukaze. Anapata kamba mbili kwa mpigo. "Kama amekalia nguzo zangu," anasema, "basi yeye ndiye nguzo." Mvua ikitishia, anaanua nguo na kuukunja waya wote, ukaingia ndani. Waya ukilowa unashika kutu, na kutu ikishika shuka haitoki.

Jana mezani alimbana Baba mbele yetu sote. Lori halina kibali cha kutembea barabarani mpaka mkaguzi wa magari aje alipitishe. Mama akasema: mvua zikiisha kabla mkaguzi hajalipitisha, lori linauzwa chuma chakavu, yeye arudishiwe ua wake. Baba akasema sawa. Akaapa. Mnunuzi wa vyuma alikwisha kuja, akalipima kwa futi kamba kama fundi cherehani anayemshonea bibi harusi.

Nilimtazama Mama nikajisemea: huyu mama ana roho ya jiwe.

Jumanne, 12 Machi

Nimebadilisha balbu za mbele. Balbu za magari ya kawaida ni za volti kumi na mbili; niliisahau hesabu hiyo kwa balbu moja, ikapasuka paa. Brashi amenicheka mpaka akakaa chini.

Brashi ni mume wangu. Kazi yake ni kupaka rangi nyumba, na watu wote wanamwita hivyo, hata mama yake. Lori hili alilipaka yeye kabla ya mvua, kama zawadi kwa baba yake, na hakulipaka kama watu wanavyopaka magari. Alifungua kila boliti, akapaka chini ya boliti, akaipaka boliti yenyewe, akairudisha na kupaka tena juu. Tabaka tatu za kijani. Nilimsifu mbele za watu mpaka akaona haya.

Jumatano, 20 Machi

Jua kali na furaha kubwa! Taa za nyuma zimewaka zote. Za breki, za kuonyesha kona, zote. Mwanga wake hafifu kidogo, lakini zinawaka. Nikamwita kila mtu aje aone. Baba akakanyaga breki kwa mguu na kuimba kwa mdomo. Mama alikuwa anaanika mashuka ubavuni mwa lori, hata shingo hakugeuza.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Taa za nyuma zimekufa.

Jumapili, 24 Machi

Jua. Zimewaka. Sijafanya chochote!

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Zimekufa. Baba amesema katika maisha yake amevuka mito na malori haya, maji yakiingia mpaka kiunoni, na taa hazikuzimika. Sasa hili linaogopa manyunyu. Nimemwambia hata watu wakizeeka wanaanza kuogopa baridi. Hakufurahi.

Alhamisi, 4 Aprili

Wiki nzima napigana na maji. Kila kiunganishi cha waya kule nyuma nimekifungua, nikakikausha, nikakipaka grisi, nikakifunga kwa mpira. Ninapima kama nilivyofundishwa: kibanio cha taa yangu ya kupimia nakibana kwenye chesisi, ile mifupa ya chini ya gari, na ncha nyingine naigusisha kwenye waya unaoingia taa ya nyuma. Taa ya kupimia inawaka. Maana yake umeme umefika. Balbu nzima. Waya mzima. Na taa haiwaki!

Nimeota naanikwa kwenye kamba.

Jumapili, 14 Aprili

Jua mchana kutwa, taa zote zinawaka kama kawaida. Mkaguzi anakuja kesho. Baba amepiga pasi shati lake jeupe yeye mwenyewe. Nimefunga mpira mpaka hakuna pa kufunga tena. Kesho maji yatafute pengine pa kuingia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imeanza kabla hatujaamka, ile ya kumwaga bila kupumua.

Mkaguzi alifika na mwavuli mkubwa, mtu mpole, viatu safi. Akalizunguka lori mara mbili. Akaipapasa rangi. "Nani kapaka?" Brashi akavimba kama andazi. Mkaguzi akasema Baba apande, awashe taa kubwa. Zikawaka. Za kona za mbele. Zikawaka. Honi. Jirani wa tatu akachungulia. Kisha akaenda nyuma, na mimi nikamfuata.

"Breki, mzee."

Taa nyeusi.

"Breki!"

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga zaidi."

"Nikizidisha hapa nitatoboa sakafu!"

Mkaguzi akafunga faili lake. Akaenda dirishani kwa Baba na kumwambia kwa heshima kabisa: "Mzee wangu, gari hili ni zuri kuliko ninaloendesha mimi. Lakini atakayekuwa nyuma yako usiku hatakuona. Nitapita tena tarehe ishirini ya mwezi ujao. Nikikuta hivi, sitaweza kurudi mara ya tatu."

Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka getini kwenye mvua bila mwavuli. Akarudi, akavua lile shati, akalikunja. Nilikuwa nimejiandaa kusikia Mama akipiga vijembe usiku kucha. Nilimtazama nikimngojea. Alimmiminia Baba chai, akamsogezea sukari, na jina la mke mwenza hakulitaja hata kidogo. Sikumwelewa.

Mimi nimelia kidogo karakanani. Hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekosana na Mama.

Brashi alikuja kunishtakia kwamba waya wa mama yake umekwaruza rangi yake: pale kwenye pete ya nyuma na pale kwenye ndoano ya bampa, mpaka chuma cheupe kinaonekana. Yeye kumwambia mama yake hawezi, anaogopa. Mimi nilikuwa na hasira zangu za wiki nzima nikitafuta pa kuzitua. Nikaenda, nikaufungua ule waya, nikaukunja, nikauweka barazani kwake. Nikamfungia kamba ya plastiki kutoka karakana mpaka ukuta wa jikoni. Brashi akapaka yale makwaruzo.

Mama aliitazama kamba, akanitazama mimi. "Mkwe, haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Jumanne, 23 Aprili

Kamba ya plastiki imelegea. Mashuka yameburura matopeni. Mama ameyafua upya, polepole, mahali ambapo nitamwona vizuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Jua limetoka. Taa za nyuma hazikuwaka. Kwa mara ya kwanza, jua na hazikuwaka.

Jumatatu, 29 Aprili

Jua. Hazikuwaka.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua, jua, mvua. Sasa ni mamoja tu. Nimefungua ile mipira yote niliyofunga, nikaifunga tena. Pengine nimeharibu kitu kwa kuhangaika kwangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Namtukana aliyebuni umeme, halafu nakumbuka ndio unaotulisha.

Jumatano, 8 Mei

Baba amerudi kwenye kiti cha plastiki. Hakunyoa leo. Nilimwita aje anishikie tochi, akasema, "Baadaye, mwanangu," na baadaye haikufika. Chai imechemshwa bila wimbo.

Ningemeza matusi yote ya mafundi wa mji huu ili nisione hilo.

Jumapili, 12 Mei

Mnunuzi wa vyuma amepita "kusalimia tu". Nimemsalimia na spana mkononi.

Jumanne, 14 Mei

Nitaandika polepole maana bado nacheka.

Asubuhi jua lilikuwa zuri. Nilichukua kipande cha mbao nikakibana kati ya kiti cha dereva na pedeli ya breki, ili breki ikae imekanyagwa wakati niko peke yangu. Nikaenda nyuma, nikageuza ndoo, nikakaa na kuzitazama zile taa mbili zilizokufa, kidevu mkononi. Hata kupima sikupima. Nilikuwa nimeishiwa.

Zikawaka.

Nikaruka mpaka ndoo ikabiringika. Zikazimika. Zikawaka tena. Nikapiga kelele, "Nani yuko ndani ya gari?" Nikakimbilia mbele na kumkuta Mama. Alikuwa amechoka na kamba yangu ya plastiki, ameuchukua waya wake, ameufunga nyuma bila mimi kumwona, ameuzungusha ukutani, na sasa alikuwa anauvuta kwenye ndoano ya bampa, unakwangua ile rangi mpya, amekaza meno.

"Mama, umegusa nini?"

"Sijagusa gari lako! Naanika nguo zangu, na leo hunitoi hapa!"

"Usiondoe! Usiguse! Hapana, gusa! Gusa tena!"

"Niguse au nisiguse? Nyumba hii amueni jambo moja!"

Nikamwomba autoe waya kwenye ndoano. Akautoa. Nikakimbia nyuma: giza. Nikapaza sauti aurudishe. Taa zikawaka. Autoe. Zikazimika. Mara ya nne hakungoja nimwambie. Alikuwa anautoa na kuurudisha mwenyewe, anachungulia ubavuni kuona, na uso wake umefunguka kabisa.

"Yaani mke mwenzangu siku zote hizi alikuwa ananingoja mimi?"

Nikakaa palepale matopeni. Umeme ni kama mgeni: kumpokea hakutoshi, lazima awe na njia ya kurudi kwao. Ukitoka kwenye betri ukawasha taa, unarudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Taa za mbele ziko kwenye chesisi, hazina shida. Za nyuma ziko kwenye bodi ya mizigo, na bodi hiyo imelala juu ya mbao. Kinachoiunganisha na chesisi ni mkanda mmoja wa shaba uliofungwa kwa boliti mbili. Niliutazama mara nyingi, umekaza vizuri, unapendeza. Umekazwa juu ya tabaka tatu za rangi ya mume wangu! Rangi haipitishi umeme. Njia ya kurudi ilikuwa waya wa Mama, kutoka pete ya nyuma, iliyo kwenye bodi, mpaka bampa la mbele, lililo kwenye chesisi, kila alipoanika. Siku ya mvua hakuanika. Mimi nikailaumu mvua. Na kwa kuwa kibanio changu nilikibana kila siku kwenye chesisi, taa yangu ya kupimia ilirudi nyumbani kwa njia yake nzuri na kuniambia kila kitu ni salama.

Nilipomaliza kumweleza Mama, akatazama beseni lake la mashuka, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akacheka mpaka akashika bampa. Sijawahi kumwona Mama akicheka hivyo.

Nikamwomba radhi kwa ile kamba.

"Kwa sauti. Yule wa kwenye kiti asikie."

Nikaomba radhi kwa sauti. Kisha nikamuuliza, maana siwezi kukaa na swali: angenyamaza tu, akafunga waya wake mahali pengine, tarehe ishirini lori lingekwenda na ua ungekuwa wake; mbona amenisaidia? Mama akaacha kucheka. Akamtazama Baba kule barazani.

"Ua wenye mume anayetazama ukuta nitaufanyia nini?" akasema. "Haya, nitolee mashuka yangu, mkafanye kazi."

Ni aibu yangu kumwita mtu huyu roho ya jiwe. Nimempenda leo, na nitamwambia, nikipata siku asiyenitania.

Jumatano, 15 Mei

Kazi ngumu kuliko zote: kumwambia Brashi.

Nilianza mbali. Nikasifu rangi. Akaanza kutabasamu. Nikasema ni nzuri mno. Akaacha kutabasamu. Nilipofika kwenye boliti akasema, "Kwa hiyo gari lingekuwa limeshapita kama ningekuwa mvivu."

"Ungekuwa mvivu kidogo tu. Hapo chini ya boliti."

"Ulinisifu mwenyewe."

"Mgema akisifiwa, mume wangu."

Akacheka, shukuru Mungu. Nikachukua msasa, akaninyang'anya. "Kama ni kukwangua, nitakwangua mimi. Sitaki kuona mkono wa mtu mwingine." Akalala chini ya lori na kukwangua mpaka shaba ikagusana na chuma kitupu, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto wake. Nikafunga mkanda wa zamani, nikaongeza na mwingine mpya, nikapaka grisi. Baba alikuja na tochi bila kuitwa. Kidevu chake laini.

Taa ziliwaka kali mpaka nikafumba macho. Kumbe ule uhafifu nao ulikuwa waya wa Mama.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna mvua. Hilo ndilo linanitia hofu. Nataka mvua.

Jumapili, 19 Mei

Bado jua. Baba anasema jeshini walimwomba Mungu jua, mkwe wake anamwomba mvua, atakuwa amechoka kutusikiliza.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua! Kubwa kama ile ya kwanza ya mkaguzi, au kubwa zaidi, mifereji inabubujika. Mkaguzi alifika na mwavuli wake na uso wa mtu anayekwenda msibani. Tulisimama wote nyuma ya lori tukiloa: mimi, Brashi, na Mama na beseni kichwani likiwa ndio mwavuli. Waya umekunjwa uko ndani. Hakuna hata leso moja iliyoanikwa.

"Breki, mzee."

Nyekundu, mbili, kali, matone ya mvua yakawa mekundu pia.

"Kona kushoto. Kulia. Rudi nyuma." Kila alichoomba alipewa. Akarudia breki mara mbili, nafikiri kwa raha tu. "Mlikuwa mnafanya nini siku ile?" akaniuliza. Nikamwambia ni habari ndefu ya kifamilia. Akatia saini chini ya mwavuli.

Baba aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaitia mfukoni mwa shati jeupe, akawasha injini. Akasema anafika konani tu, alisikie lori barabarani. Tulikuwa tunafungua geti Mama alipotokea tena. Alikuwa amebadilisha nguo. Amevaa gauni la kutokea, kiatu cha kisigino, mkoba mkononi, katikati ya matope.

"Unakwenda wapi?" Baba akamuuliza kutoka juu.

"Sogea."

"Mama watoto, mvua hii..."

"Miaka yote ile," Mama akasema, na sauti yake ilipanda juu ya injini, "linakuja lori la namna hii hapa getini, linapiga honi, unapanda. Mimi nabaki na watoto wako nimeshika geti. Nikikuomba unifikishe hata konani, unaniambia raia haruhusiwi. Mara ngapi uliniambia raia haruhusiwi? Haya. Leo nani ataniambia mimi ni raia?"

Injini ilikuwa inanguruma peke yake. Brashi alishika geti akawa kama ameganda. Baba akateremka, akazunguka mbele ya lori kwenye mvua na shati lake lililopigwa pasi, akafungua mlango wa pili. Ngazi ya lori lile ni ndefu kwa kisigino. Akapiga goti moja matopeni, akampa Mama bega. Mama akamkanyaga bila huruma hata kidogo, akapanda, akakaa, akaweka mkoba mapajani na kutazama mbele.

"Twende, dereva," akasema.

Walisema wanafika konani tu. Tuliwaona wakifika konani, breki zikawaka, wakakata kushoto, wakaenda zao. Ninapoandika haya jua limezama, mvua haijakatika, na bado hawajarudi. Brashi ameshakwenda getini mara kadhaa kuchungulia. Nimemwambia akae ale. Gari lina taa.